Rweya Yangu si Blanki

Hapana, sikumpiga. Nilimpokonya kalamu tu, tena kwa upole. Ungekuwa wewe ungemng'ata.

Alikuja hapa Kamuli kupima mashamba, kijana wa ardhi kutoka Bukoba, viatu vinang'aa, sauti anaipitishia puani. "Shikamoo bibi. Sasa hapa kwako, kwenye ramani, pako blanki." Nikauliza blanki ndiyo nini. Akasema ni mahali pasipo na kitu. Na kidole kinaonyesha rweya yangu, kile kilima ninachokata nyasi za kutandaza migombani tangu nilipoolewa. Pasipo na kitu. Migomba yangu inatandikiwa nini basi, magazeti?

Kidogo simu yake ikazima, akasema imekuwa blanki. Nikamuuliza mpaka wa shamba atauanzia upande gani, akajikuna kisogo: eti bibi, hapo nimekuwa blanki. Nikajua ni ugonjwa huo, na mwenzake aliyeshika kamba ya kupimia naye ataambukizwa. Sisi husema mtungi ni mtupu, kiti kiko wazi, mtu akisahau amesahau. Neno lake hilo linaingia kila nyumba kama kuku.

Lakini kilichonichosha ni fomu. Palipotakiwa jina la mwenye shamba alipaacha. Eti mume wangu si amefariki, basi kwanza pakae blanki. Hapo shemeji yangu, mdogo wake marehemu, aliyetoka Bugomora alfajiri na koti lake la kanisani, akakohoa kama katekista anayetaka kuanza sala. "Haifai kuacha blanki, mwanangu. Andika langu." Na yule kijana akainamisha kalamu. Ndiyo nikaichukua.

Kijana akasema basi aseme jirani. Jirani yangu ni mzee aliyetoka Burundi zamani, tunapakana kwa mlamula, ule mti wetu wa mpakani, na huyo ukimsalimia leo anaitikia kesho. Nikaona nimekwisha. Shemeji naye akashika ukoo, akaanza na babu, akaja na damu, akarudi tena kwa babu, mpaka miguu ikaniuma nikakaa kwenye nyasi zangu zisizokuwepo.

Mzee alimwacha amalize. Akakwangua udongo kwenye jembe, taratibu. Alichosema hakikujaa kiganja, na kijana aliomba kalamu yake akaandika jina langu bila kuuliza tena:

"Kaka yako tulimweka siku mbili tukikungoja umzike. Hukuja."