Graph yangu ilipanda, kanisa likapiga makofi, kumbe maji yanaisha

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Hii si story ya jaba, ya kutunga tu. Ilinipata mimi mwenyewe miaka ya themanini, na kwa muda mrefu sikuisimulia kwa sababu inanionyesha mjinga. Sasa nimestaafu, hakuna wa kunifuta kazi, kwa hivyo kaeni.

Juzi nimeona report ya engineer mmoja kijana. Graph moja, rangi tisa, pie chart ya 3D imeinama kama sahani inayotaka kuanguka mezani. Nikacheka, halafu nikaiangalia tena. Nilikuwa nimejiona.

Nilikuwa fundi wa maji, diploma yangu bado mpya. Project yetu ilikuwa ya boreholes, visima vya kuchimbwa kwa mashine, huko Ukambani, ofisi ikiwa mji wa Wote. Kila mwezi nazunguka na pikipiki kupima maji yako umbali gani chini ya ardhi, halafu nachora graph za report ya Nairobi.

Kifaa chenyewe ni waya mrefu uliozungushwa kwenye reel. Unauteremsha shimoni, ukigusa maji unalia piii. Unasoma mita, unaandika, unaenda zako.

Sasa nilipenda kuchora kuliko kula. Kalamu za wino, stencil ya herufi, felt pens seti nzima. Graph zangu zilikuwa na gridi, vivuli na mshale wa kaskazini.

Ndiyo, mshale wa kaskazini kwenye graph. Msiniulize.

Kijiji kimoja kilikuwa na borehole moja tu, ya watu, mbuzi na punda wa upande wote ule. Watu wakataka kuitumia kumwagilia vitunguu. Bosi akaniambia niende niwaonyeshe hali ya maji, halafu waamue wenyewe.

Na hali ilikuwa mbaya. Kila mwezi waya ulikuwa unaenda chini zaidi. Safari yangu ilikuwa ya kuwaonya.

Nikachukua graph ya Nairobi, nikaikuza kwa manila paper. Axis ilisema "depth to water", yaani umbali wa kushuka mpaka kwa maji. Nikatafsiri kwa kujiamini kabisa: KINA CHA MAJI. Namba ndogo chini, namba kubwa juu, kama tulivyofunzwa. Laini nyekundu ikapanda vizuri kutoka kona ya chini hadi kona ya juu.

Mmeshaiona? Mimi sikuiona.

Mkutano ulikuwa kanisani. Nikabandika mchoro ukutani, nikakohoa, nikasema, "Kama mnavyoona, kina cha maji kimeongezeka kila mwezi."

Makofi! Vigelegele! Mchungaji akaruka juu: "Bwana asifiwe! Jua kali namna hii na maji inapanda!" Wimbo ukaanza.

Maneno ya mchungaji nilikuja kuambiwa baadaye; kwa kelele zile nilidhani wanashangilia mchoro. Nilisimama pale nikiinamisha kichwa kama bwana harusi. Wakanipa kuku, nikamfunga kwa pikipiki, nikaondoka kabla hawajajadili vitunguu, nikijua nimewaonya kisawasawa.

Niliporudi mwezi uliofuata, kando ya tenki la maji kulikuwa na vitunguu vya kijani kibichi. Shamba kubwa kuliko yote lilikuwa la Mama Mutheu, mjane, katibu wa kamati ya maji.

Nikakasirika. Nikasema moyoni, hawa watu hawasikii.

Nikaanza kupima. Mama Mutheu akaja akasimama karibu nami, akiangalia waya ukishuka, ukishuka, mpaka ukalia.

"Mwanangu, hii waya imeenda mbali kuliko ile siku ingine."

"Ndiyo Mama, kina kimeongezeka sana."

"Ngoja kwanza. Kina ni ya maji ama ni ya shimo?"

Nikaacha kuzungusha reel.

Wakuu, hebu fikirieni. Ukisema kina cha mto kimeongezeka, si umesema mto umejaa? Na laini yenyewe inapanda. Nilikuwa nimewadanganya kwa maneno na kwa picha, na vipimo vyangu vyote vilikuwa sawa.

"Kumbe ile karatasi ilisema maji inaisha?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Na sisi tukaiimbia."

Nilitamani shimo linimeze, lakini ni jembamba. Nikapiga hesabu pale pale: wakiendelea kumwagilia, maji yatashuka chini ya pump iliyo shimoni kabla ya mvua. Pump itaungua, na maji mengine ni mwendo wa nusu siku na punda.

Tukaingia kanisani, nikabandua ile manila paper ukutani, nikaigeuza upande mweupe. Mama Mutheu akawa bosi.

"Ardhi iko wapi hapa?" Nikachora ardhi juu kabisa. "Pump iko wapi?" Nikaichora chini. Kisha laini ya maji, ikitoka juu na kushuka kuielekea pump.

Nikaanza kuweka mapambo yangu. "Hii inaonyesha nini?"

"Kaskazini."

"Kaskazini tunaijua. Toa."

Ikabaki laini moja. Juu yake tukaandika MAJI IKO WAPI.

Jumapili baada ya ibada nikasimama mbele ya watu wale wale. Nikawaambia kosa ni langu, nikabandika. Sikueleza kitu. Mchungaji akavua miwani.

Mwenyekiti wa kamati akajaribu: "Si tumalizie tu hii vitunguu? Imebaki kidogo."

Mama Mutheu akaenda mbele, akaweka kidole kwenye laini, akakishusha polepole mpaka kikapita pump. "Vitunguu itakomaa hapa," akasema. "Sisi na watoto tutakuwa tunakunywa nini? Yangu naacha leo."

Wengine wakakubali mmoja mmoja. Wawili walinitukana kwa Kikamba, na nilistahili.

Mvua ilichelewa mwaka ule. Pump ilivuta maji kidogo kidogo mpaka mvua ikanyesha; borehole haikukauka.

Lakini kabla ya hapo nilipita kwa shamba la Mama Mutheu. Majani yalikuwa ya manjano, vitunguu vidogo kama kete. Nilimwomba msamaha tena.

Aling'oa kimoja, akakipangusa mchanga, akanipa. "Peleka kwa ofisi yenu," akasema. "Ambia hao wengine hii ndiyo ilitoka kwa ile graph."

Nilikiweka juu ya meza ya kuchorea mpaka kikaoza. Tangu siku hiyo sikuwahi kupeleka graph popote kabla ya kumpa mtu asiye engineer na kumuuliza anaona nini. Akisoma kinyume, mjinga ni mimi, si yeye. Na kama kitu kinashuka, kichoreni kikishuka, jamani.

Haya, engineers mko wengi humu, najua. Nani mwingine aliwahi kupigiwa makofi mahali alipostahili mawe? Semeni bila aibu, mimi nimeshajivua nguo.