Tope, Popo na Sahani ya Mama

Wiki iliyopita vijana wa mtaa wetu hapa Nyahanga walizibua mtaro ulioziba tangu masika, wakalimwaga tope jeusi mbele ya mlango wangu. Harufu ilipoingia ndani sikuwagombeza kama walivyonizoea. Nilikaa kitini, nikaziba pua kwa ncha ya khanga, na papo hapo nikawa nimerudi ghubani, mtoto ambaye meno ya mbele hayajaota yote, nimezama kwenye uozo hadi kidevuni. Mnaoniuliza kwa nini sipendi safari, kwa nini hata harusi ya mtaa wa pili natamani ihamie uani kwangu, kaeni niwaeleze.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini sisi tulikuwa wageni Geita. Tulihama Kishapu na ng'ombe wetu kufuata malisho, tukakuta nchi ya miti mingi, mvua na samaki. Kwetu samaki hakuwa chakula. Babu alimwita nyoka aliyezoea kuoga. Mimi niliamini mtu akila samaki, hata kivuli chake kinanuka.

Mama hakuwa nasi. Alikuwa amepelekwa kisiwani, kwenye abasia ya zamani iliyojengwa kwa mawe na mapadre wa kwanza, ambako watawa walikuwa na nyumba ya wagonjwa nyuma ya kanisa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa ukoma. Nawatajia ninyi sasa. Mimi niliambiwa ni kifua, na nyumbani neno ukoma halikutamkwa hata kwa kunong'ona. Kisha ikaja habari kwamba dawa mpya zimemponya, ila mwenyewe hataki kurudi. Baba aliisikia, akachukua jembe lake, akaenda kulima pamba. Bibi, mama yake Mama, akafunga viazi vitamu kwenye kitambaa, akamwita Mjomba Masanja, akanishika mkono.

"Tunakwenda kumrudisha mama yako," alisema. "Na ukinuna njiani nitakuacha kwa Wazinza wa ziwani wakulishe samaki."

Kisiwa chenyewe kilikuwa kisiwa kwa nusu siku tu. Asubuhi za kiangazi upepo wa nchi kavu uliyasukuma maji ya ghuba, ukaacha ukanda wa tope wa kuvukia kwa miguu. Alasiri upepo wa ziwani uliyarudisha, na aliyechelewa alilala alipo. Tulifika ufukweni maji yakiwa yameondoka, na laiti yangebaki kuficha yaliyokuwa chini yake. Samaki wafu wametobolewa macho na ndege. Konokono wamepasuka. Povu la kijani limeganda juu ya matope kama ukoko wa maziwa yaliyochacha. Vijidudu vya ziwani vilipanda angani kama moshi, na ukifungua mdomo kumwamkia mkubwa unameza kadhaa kabla hajakuitikia marahaba.

Mama mmoja wa Kizinza aliyekuwa anavuka na kapu la samaki alituambia tumfuate yeye, tukanyage tope jeusi lililo wazi. Mjomba alimtazama kama mtu aliyeambiwa akakalie makaa. Aliyekulia Kishapu anajua jambo moja kuhusu ardhi: tope jeusi la mbugani linameza ng'ombe na kengele yake, na penye majani mabichi ndipo pa kukanyaga. Mjomba akanibeba mabegani, akashika njia ya majani, anapiga mluzi, mchungaji kamili. Kumbe majani yale yalikuwa yanaelea.

Alizama hadi kiunoni. Mimi nilimpita juu ya kichwa, nikatua mbele yake, nikaenda chini hadi kidevuni. Baridi ningeivumilia. Lile tope lilikuwa na uvuguvugu, kama nimeingia tumboni mwa mnyama aliyekufa asubuhi ile. Liliingia masikioni, puani, mdomoni. Lilikuwa na ladha ya yai viza. Nilipotolewa, ruba amejishikiza kwenye paja langu, mnene, ameridhika.

"Wasukuma," alisema yule mama, akimvuta Mjomba kwa mti wake wa kutembelea, "hata ziwani mnatafuta malisho."

"Nyamaza, mla nyoka," Mjomba alijibu, tope limemjaa hadi nyusi.

"Mla nyoka ndiye anayekuvuta. Nikuachie?"

"Vuta kwanza. Tutatukanana ng'ambo."

Bibi, aliyemfuata yule mama tangu mwanzo na kufika mkavu, alinifuta kwa majani, akaishia kulisambaza tope. Kuniosha ziwani alikataa kwa kuogopa mamba. Basi niliingia abasia nikiwa mweusi mara mbili, nimekauka, napukutika vipande kila hatua.

Wageni wote walipitishwa kanisani kwanza. Watu hulisifia kanisa lile mpaka leo, mawe yake, mnara wake, ukimya wake. Mimi nakumbuka popo. Walining'inia darini kama matambara, na mavi yao yalikuwa yamezifunika ngazi za mnara, harufu yake inachoma macho. Kuta zilikuwa zimeota ukungu. Watawa waliimba humo ndani kwa utulivu, kana kwamba wako kwenye shamba la maua. Bruda mmoja, mwenye ndevu ndefu zilizonasa vile vijidudu, alitueleza kwa Kiswahili cha polepole nani alijenga nini, na nani amezikwa chini ya sakafu. Niliposikia kuna mapadre waliokufa chini ya nyayo zangu, nikasimama kwa mguu mmoja, angalau nipunguze kuwakanyaga. Wakati huohuo kijidudu kimoja kilitoka kwenye ndevu za Bruda, kikatembea hadi mdomoni, naye akaendelea kusema.

Ndipo akatupeleka uani. Mama alikuwa amesimama karibu na jiko, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Nilikimbia.

Mama akarudi nyuma. Nikakimbia tena, akarudi tena, mikono ameificha mgongoni.

"Simama hapo, Minza," alisema. "Simama tu nikuone."

Nikasimama. Nikajitazama, nikajinusa, nikaelewa: mama yangu ananionea kinyaa.

Bruda alisema tena kwamba mgonjwa amepona, hamwambukizi mtu, ana hiari ya kwenda. Mama akamtazama Bibi.

"Mayu, mama yangu, rudini. Waambie nyumbani nimekufa. Mtoto atakua."

"Nimepita kwenye ule uchafu kuja kuzika mtu anayepika?" Bibi akasema. "Pakua tule."

Tuliwekewa sinia la ugali na samaki, Bibi, Mjomba na mimi. Mama akachukua sahani yake ya bati, iliyofungwa uzi mwekundu ili isichanganywe na nyingine, akaenda kukaa peke yake kwenye jiwe, mbali. Nikamhesabia hilo pia: hata kula na mimi hataki. Nilikuwa nimevumilia tope, ruba, popo na maiti wa sakafuni kwa ajili yake, na sasa anakaa upande ambao upepo haumpelekei harufu yangu. Hasira ikanipanda. Nikainuka, nikamwendea, nikachuchumaa mbele ya sahani.

"Minza, hii ni yangu," alisema kwa sauti ndogo, akaifunika kwa mkono. Vidole viwili vilikuwa vimejikunja.

"Najua nanuka," nikamwambia, "lakini nina njaa."

Nikausukuma ule mkono, nikamega ugali wake, nikachovya kwenye mchuzi, nikabeba na kipande cha samaki, nikatia mdomoni. Nyuma yangu tonge la Mjomba lilisimama njiani. Hata Bruda aligeuka kunitazama. Niliona fahari, nilidhani wanashangaa mtoto wa Kishapu kula samaki.

"Mbaya," nikasema, mdomo umejaa, na nikamega tena.

Bibi, ambaye alikuwa hajawahi kugusa samaki tangu azaliwe, alikuja akakaa upande wa pili wa ile sahani. Akanawa, akachovya, akala, uso umemkunjamana. Mama alianza kulia bila sauti, na huku analia akanitoa mwiba wa samaki mdomoni kwa vile vidole vyake.

Alasiri maji yalirudi, tukalala kisiwani. Asubuhi Mama alikuwa wa kwanza kufunga mzigo. Tulipita kwenye tope lililo wazi, Mjomba wa mwisho, akikanyaga nyayo zetu.

Jina la ugonjwa nililijua nikiwa sekondari, kutoka kwa watu waliodhani naelewa tayari. Likizo ilipofika nilimkuta Mama anachambua pamba, nikakaa karibu yake, nikamwambia sasa najua kwa nini siku ile alirudi nyuma, na kwamba miaka yote nilidhani ni kwa sababu ya harufu yangu.

"Ulinuka pia," alisema.

Akachambua kidogo. Kisha akaniuliza, bila kunitazama, "Ungekuwa umeambiwa, ungekula?"

Nilitafuta jibu la mtoto mwema. Anayenijua anajua ninavyookota chakula kwa ncha za vidole, ninavyonusa kikombe cha mwenyeji kabla ya kunywa. Nikavitazama vidole vyangu.

Mama alicheka mpaka pamba ikamponyoka. "Haya," alisema, akanisogezea kikapu tuchambue pamoja. "Namshukuru kila aliyekudanganya."