Upande wa Mkono Mzima

Siku ya kwanza mwenye bucha alimpokea Winchi kwa ngumi ya mdomo. Jino la mbele likadondokea shukani, damu ikamchuruzika mpaka kifuani. Winchi akatema, akajifuta, kisha akavuta kigoda na kukikagua chumba kama mtu anayekagua mzigo kabla ya kutaja bei.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba. Jina hilo, la mashine ya kuinulia mizigo, alilipata hospitalini, alikofagia wodi miaka tisa huku akiwaibia wauguzi ujuzi kwa macho, hadi akawa anainua watu wenye uzito mara mbili ya wake. Wahudumu watano walishamkimbia mzee huyu mwenye bucha, aliyepooza upande wa kushoto. Mdogo wake, aliyeishika bucha sasa, alisema wazi kwamba wa sita akishindwa, kaka atalala chali mpaka siku yake. Na kidonda cha mgongoni kilishaanza kunuka.

Kosa Winchi aliliona. Kitanda kilibanwa ukutani, na kiti cha magurudumu kiliwekwa kushoto, karibu na mlango, ili wabebaji wapate urahisi. Kila asubuhi mzee alivutwa kuelekea upande asiouhisi, kama anayetupwa shimoni, na mkono wake mzima, uliopasua ng'ombe miaka thelathini, ukabaki hauna kazi. Ndiyo maana ulijitafutia kazi ya kupiga watu.

Akakiburuta kitanda, mzee akiwa juu yake akiporomosha matusi, akakigeuza. Kiti akakisogeza kulia, akakifunga breki.

"Mzee, tukubaliane. Mkono huo utashika kiti. Shingo yangu huigusi. Ukinipiga tena, leo hushuki hapo, na mimi naenda zangu kunywa chai."

"Nikikunyonga je?"

"Utabaki na maiti, na maiti haitakuinua."

Mzee akacheka kwa nusu ya uso. Winchi akamfunga mkanda mpana kiunoni, akamkalisha ukingoni, nyayo zote mbili sakafuni, akalizuia goti bovu kwa magoti yake. Akamwambia ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Moja, mbili, tatu: juu, geuka, kaa.

Mzee alimpiga mara mbili zaidi. Siku zote mbili alilazwa ubavu na kuachwa kitandani. Wiki ya tatu mkono ule ulikuwa unakikamata kiti wenyewe, kidonda kikawa kinafunga, na mzee akaanza kudai apelekwe buchani.

Hilo mdogo mtu hakulipenda. Asubuhi moja Winchi alipokwenda kuchota maji, mdogo huyo aliingia, akamwambia kaka yake kwamba bucha haina nafasi ya mlemavu, akaukamata mkono uliopooza na kuuvuta amtoe kitini amrudishe kitandani. Bega likachomoka kwa mlio wa kiungo kinachotenganishwa buchani. Mzee akaanguka.

Winchi alirudi na ndoo, akampiga nayo mdogo mtu kisogoni. Huyo akamrudishia teke la mbavu. Hapo mzee, palepale sakafuni, akamdaka mdogo wake kifundo cha mguu kwa mkono wa kulia na kumng'oa, taya likatua kwenye chuma cha kitanda na kuvunjika.

Bega lilirudishwa, ila halikukaa sawa tena. Mkono umetundikwa kwenye kitambaa. Mdogo mtu anakunywa uji kwa mrija, na bucha imemtoka. Winchi alivunjika mbavu mbili, akapata kazi ya kudumu na sharti alilolitaka: yeyote asiyefundishwa naye hamgusi mzee. Na mzee, kila asubuhi, yuko buchani kwenye kiti, kisu mkono wa kulia, akitukana wateja.