Mashine Isiyolia

Mashine ya kusaga ya shangazi yangu ilikuwa na mdomo kuliko mimi, na mimi watu wanasema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Ilikuwa ya dizeli. Juu ya bomba la moshi tulifunga kopo la rangi lililotobolewa, basi ikiwaka inalia tuu-tuu-tuu, inasikika kisimani, kwenye mashamba ya alizeti, mpaka njia ya kwenda Mungaa. Kwetu mama hatoki nyumbani na ndoo ya mtama kichwani kwa kubahatisha. Anapeta, anaanika, anasubiri. Akisikia tuu-tuu, anajitwisha. Asiposikia anajua dizeli imeisha, au mkanda umekatika, au mimi nimetorokea mnadani.

Mpiga hendeli, ile ya kuzungusha mpaka injini iwake, nilikuwa mimi. Kazi ile si ya kila mtu. Ukichelewa kuiachia, kile chuma kinakurudia kwenye kidevu. Shule niliishia la saba, lakini kwenye hendeli nilikuwa profesa, na wasichana waliokuja kusaga walikuwa wanasimama kuniangalia. Shangazi anasema walikuwa wanasubiri unga wao. Haya, aendelee kusema hivyo hivyo.

Shida ilikuwa kifua chake. Kukaa miaka yote kwenye kile kibanda cha moshi kulimwachia kikohozi ambacho kilikuwa kinakwenda na mdundo wa mashine kabisa. Daktari wa zahanati akamwambia achague moja, mashine au mapafu.

"Mapafu hayasagi, baba," shangazi akamjibu, akajifunga kanga, akarudi kazini.

Ndiyo wakaja watu wa mradi na mashine ya sola. Paneli juu ya bati, waya mpaka kwenye kinu, swichi ukutani, basi. Walituachia kwa majaribio: tukiitumia mpaka mavuno yaishe, inabaki kwetu. Wakirudi wakaikuta imelala, wanaihamishia kijiji kingine, na shangazi anarudi kwenye moshi wake. Siku hiyo aliiwasha mwenyewe, kwa kidole kimoja. Ikaitika. Akanigeukia.

"Profesa," akasema, "naona leo kidevu chako kimepata likizo."

Unga ulitoka laini, hauna harufu ya moshi. Ila mashine yenyewe haina kelele. Ukiwa mlangoni unaisikia inavuma kama nyuki kwenye mzinga, ukifika barabarani husikii kitu. Siku ya kwanza hakuja mtu. Siku iliyofuata akaja kuku, akala pumba, akaondoka.

Tukatangaza. Ijumaa walitusaidia msikitini, Jumapili wakatusaidia kanisani, watu wote wakaitikia vizuri kabisa, na hakuna aliyekuja. Nikaona niende nyumba kwa nyumba. Nilianza kwa bibi mmoja jirani yetu, nikamkuta uani anapeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, mashine inafanya kazi. Lete huo mtama tukusagie."

"Nitaleta, mjukuu wangu. Ikilia tu, nakuja."

"Hii hailii, bibi. Ni ya jua."

Akauweka ungo chini. "Sasa isipolia nitajuaje kama inasaga?"

"Si ndiyo nakwambia mimi?"

"Wewe ndiye uliyeniambia mbuzi wangu kapanda bodaboda kaenda Singida mjini."

Kweli nilimwambia, na yeye kweli alitoka mbio mpaka barabarani. Nikarudi nyumbani nimenyooka.

Wakati huo ng'ambo ya korongo kulikuwa na mashine nyingine ya dizeli. Kila ikilia, wateja wetu tulikuwa tunawaona wanateremka kwa msururu na ndoo zao, wanatupungia mkono kabisa. Shangazi alikuwa anakaa mlangoni, mikono mapajani, anawaangalia. Hakunitania tena, na shangazi akiacha kunitania ujue mambo ni mabaya.

Halafu mchana mmoja akasimama.

"Kawashe ile ya zamani."

"Turudi kwenye dizeli, shangazi?"

"Nani kasema turudi? Ichomoe mkanda. Iwashe tu, ilie. Wakifika, tunawasagia na hii ya jua."

Nilimwangalia nione kama anacheka. Hakuwa anacheka. Nikachukua dumu, nikaenda mjini kununua dizeli. Kijana wa kituo cha mafuta akaniuliza kama siku hizi tunasaga sana.

"Hii siyo ya kusagia," nikamwambia. "Ya kutangazia sola."

Akanijazia dumu, ila alikuwa ananiangalia kama mtu anayepaswa kusindikizwa nyumbani.

Injini tuliihamishia nyuma ya kibanda ili moshi usimfikie shangazi. Nikapiga hendeli, tuu-tuu-tuu, na mtama ukaanza kuja. Wanawake wakapanga ndoo, shangazi akabonyeza swichi, wakapata unga wao, wakaondoka bila kuuliza. Mpango ulikuwa mzuri, tatizo ni upepo wa Singida, usiojua kukaa kwake. Moshi wote ulizunguka kibanda ukaingilia mlangoni. Shangazi akawa anasaga kwa jua na kukohoa kwa dizeli.

Tulikwenda hivyo mpaka siku alipokuja yule bibi wa mbuzi. Aliteremsha ndoo yake kwenye foleni, akaona kelele ziko nyuma na watu wako mbele, akaamua kuzunguka. Akanikuta na lile dude linarukaruka peke yake, halijafungwa na kitu.

"Wewe! Hii inasaga nini?"

"Hii haisagi, bibi."

"Inafanya nini sasa?"

"Inaita watu."

"Na inayosaga?"

"Iko ndani. Ile iliyonyamaza."

Akaangalia injini, akaangalia paneli juu ya bati, akaniangalia mimi. Ndani shangazi alikuwa anakohoa.

"Yaani mnanunua dizeli ili mtuambie hamtumii dizeli?"

"Ndiyo, bibi."

Akakaa chini pale pale kwenye vumbi. Alicheka mpaka kanga ikamvuka. Alisema na maneno ya Kinyaturu kuhusu ukoo wetu, ambayo siandiki kwa sababu shangazi anajua kusoma. Alipopata pumzi akaingia ndani, akasogeza sikio kwenye kinu, akachota unga akausugua kwenye vidole, akaulamba.

"Mwanangu," akamwambia shangazi, "kazime lile dude. Utakufa kwa kutuita."

Habari ilifika vijijini kabla bibi hajafika kwake na unga. Watu walikuja hata kutoka ng'ambo ya korongo kuona mashine ya kuita mashine. Sasa nani atembee mwendo wote ule mikono mitupu? Wakawa wanakuja na mtama, na mahindi, wanazunguka nyuma kwanza wanacheka, wananiuliza kama na mimi nina mtu wa kuniita mimi, halafu wanarudi mbele kupanga foleni. Nilitaniwa mpaka nikazoea. Hendeli sikuigusa tena.

Watu wa mradi waliporudi waliikuta foleni imefika barabarani. Wakauliza tumewezaje kuwashawishi wanakijiji.

"Matangazo," akasema shangazi, bila kuniangalia.

Mashine ikabaki. Injini ya zamani iko palepale nyuma, kuku wa shangazi anaatamia pembeni ya gurudumu lake, na kikohozi siku hizi kinakuja mara chache, hakina mdundo tena.

Siku hizi hakuna anayesikiliza, watu wanaangalia juu. Wingu likipita mashine inapunguza mwendo, na wote wananigeukia mimi kama ndiye niliyelileta. Juzi asubuhi mawingu yalikuwa yamefunga kabisa. Nikateremka njiani kuwarudisha wateja kabla hawajachoka bure, nikakutana na yule bibi na ndoo yake.

"Shikamoo, bibi. Rudi tu nyumbani, leo hakuna jua."

Alisimama akaniangalia.

"Mbuzi wangu yuko wapi?"

"Yuko zizini, bibi."

"Basi na jua lipo."

Akanipita. Alienda akakaa kwenye kibaraza chetu, miguu kainyoosha, ndoo pembeni, na kabla shangazi hajamaliza kumchemshia chai, jua likatoka.