Siku Kaka Alipouza Filamu za Rudisha

Umewahi kumrudishia mtu kitu chake kabla hajakudai? Usijibu haraka. Mtaa uliompa Rudisha jina lake ungeangalia pembeni.

Jina lilitokana na neno lake moja. Ukikodi filamu kwake hakwambii asante wala karibu tena. Anakutazama machoni, anasema "Rudisha," basi. Duka lilikuwa la marehemu baba yake, enzi zile watu wakisukumana mlangoni. Siku hizi wenye simu hupita wakicheka.

"Rudisha, bado uko hai tu?"

"Niko. Bando limekwisha tena?"

Hapo kicheko hukatika, maana likiisha wanaijua njia. Hao ndio waliomweka mjini: watu wa bando lililokwisha, fundi cherehani anayetaka filamu imchekeshe akishona, na bibi mmoja asiyetaka chombo cha kupapasa kwa kidole.

Simu haikuwa adui yake. Adui alitoka tumbo moja naye. Kaka yake alikitaka chumba kile kiwe mahali pa kubeti, eti vijana wapate pa kwenda. Pa kwenda kupoteza! Lakini mbele ya mama yao walikuwa wamekubaliana kwamba duka la baba halifungwi mpaka biashara ife yenyewe, na Kaka alichoka kusubiri mazishi.

"Mdogo wangu, unakodisha vumbi."

"Vumbi langu lina wateja, kaka. Wewe una nini zaidi ya mdomo?"

"Nina ufunguo."

Rudisha alidhani ni maneno tu. Mchana huo alikwenda kwa yule bibi, ambaye deki yake ilikuwa imemeza diski. Aliporudi alikuta rafu zimebaki mbao tupu. Kaka ameketi juu ya kaunta, ananing'iniza miguu, anachokonoa meno.

"Nimemuuzia Mama Banda," alisema. Huyo ni mwanamke mwenye banda la kuonyeshea video nyuma ya soko. "Zote, magunia mawili. Biashara imekufa. Kesho nenda kamwambie mama."

Rudisha alisogea hadi kwenye kaunta. Alimtazama mtu aliyelala naye kitanda kimoja utotoni, akatamani kumpasua mdomo. Kisha macho yakashuka kwenye droo za kaunta, zimefungwa vilevile, na pumzi ikamrudia. Kaka hakuwahi kukodi filamu maishani mwake. Hakujua kinachojulikana na kila mteja: rafuni hukaa makasha matupu, ya kuonyesha picha tu. Mteja huchagua kasha, akalileta kaunta, na diski hutoka kwenye droo. Kaka alikuwa ameuza maganda, akaja kukalia filamu zenyewe.

"Umemwambia ni filamu?"

"Nimwambie ni nini, mikate?"

"Sawa. Shuka kwenye kaunta yangu."

Hakumwambia zaidi ya hapo. Watu watasema ni ukatili kumwacha ndugu atumbukie. Waseme. Anayeuza jasho la mwenzake hana haki ya kuonywa.

Kesho yake asubuhi, Rudisha akiwa anafungua mlango, alisikia kelele barabarani. Mama Banda alikuwa amemkwida Kaka kola ya shati, magunia mawili chini, watu wamewazunguka. Kwa mkono wa pili alikuwa akifungua kasha moja baada ya jingine na kuwaonyesha.

"Tupu! Na hili tupu! Wateja wangu wamekaa kwenye mabenchi wanaangalia ukuta!"

"Mama, tuzungumze ndani..."

"Ndani ya nini? Ndani ya kasha?"

Watu waliangua kicheko. Kaka alitoa pesa zake mfukoni mbele ya wote, Mama Banda akazinyakua bila kumwachia kola.

"Sasa beba uchafu wako upeleke ulikoutoa. Kwa mgongo wako mwenyewe, wala usitafute mkokoteni!"

Kaka aliingia dukani na gunia begani, akarudi kuchukua la pili, kisha akaanza kupanga makasha rafuni huku jasho likimtiririka. Rudisha alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Ulijua," Kaka alisema bila kugeuka.

"Nilijua."

"Ukaninyamazia. Mimi, kaka yako."

"Hilo la juu umeliweka kichwa chini."

Kaka aliliangalia. Kisha akanyoosha mkono, akaligeuza.