Kiti cha Pieris

Mirofora alikuwa na hasira na Japani nzima. Kila alipowasha gari, sauti ya mwanamke ilimsalimu kwa Kijapani, laini kama siagi, naye akaijibu kwa ukali: "Nyamaza, mwizi wee! Kiti cha mume wangu kiko wapi?"

Gari lilitakiwa liwe na kiti cha abiria kinachojigeuza, kinachotoka mlangoni na kushuka taratibu hadi usawa wa magoti. Ndicho alichokitaka, gari lenyewe hata lingekuwa na rangi ya chura, potelea mbali. Pieris, mumewe, alipigwa na kiharusi wakati wa mavuno ya zabibu, na daktari wa Limassol hakumficha: asipofika kwenye mazoezi kila wiki, hatasimama tena. Naye Mirofora, mgongo wake umeishia kwenye masufuria ya jibini, angemnyanyuaje mwanamume mzima? Mguu wa Pieris ukaanza kukonda.

Kazi yote ya kuagiza gari aliachiwa Hambis. Hambis ni kumbaro wao, yaani msimamizi wa ndoa yao, ndiye aliyewabadilishia taji kanisani, na kwetu kumbaro hakaguliwi. Ukimkagua umemtukana. Akalipokea gari bandarini, akakaa nalo siku kadhaa eti analifanyia sevisi, akalileta linameremeta. Padri Kleanthis akalinyunyizia maji ya baraka kabla hata mlango wa abiria haujafunguliwa. Ulipofunguliwa, ndani mna kiti cha kawaida tu, kimegandamana na sakafu.

"Wajapani hao, dada yangu!" Hambis akapiga paji la uso. "Wanakuchekea, wanakuinamia, kumbe wanakuibia."

Mirofora akamporomoshea muuzaji wa Japani matusi yote aliyoyajua, simu ikiyatafsiri. Yule mtu akajibu kwa adabu ya kuudhi: mama, kiti kilipanda meli. Akatuma na picha. Kiti cha kijivu, kwenye mkono wake kiraka chekundu.

"Mwongo mkubwa!" Mirofora akasema. Kwani yeye ni nani? Amekula lini chumvi yetu?

Jumapili iliyofuata alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa gari la Hambis lilipofika. Mlango ukafunguka. Kiti kikajigeuza chenyewe, kikatoka nje, kikamshusha taratibu Bibi Despo, mama mkwe wa Hambis, na mkoba wake mapajani. Kwenye mkono wa kiti palikuwa na kiraka chekundu.

Wanasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hili lilitafuna mpaka mifupa.

"Hambis!" Hata waimbaji ndani wakanyamaza. "Kiti hicho umekitoa wapi?"

"Dada, tuongee pembeni basi, watu wanatazama..."

"Watazame! Tena wasogee waone vizuri! Tumekulisha mezani petu miaka yote hii, mshenzi wewe!"

Bibi Despo, maskini, hakuelewa ugomvi ni wa nini. Akamshika Mirofora mkono. "Pole, mwanangu. Hambis alinieleza yote. Kwamba Pieris ndiyo basi tena, hatatoka kitandani, mkaona kiti kisikae bure. Mungu awalipe. Namwombea mwisho mwema."

Mirofora alitaka kulia, na kule kutaka kulia kukampandisha hasira zaidi. Akamkwida Hambis shati mbele ya padri.

"Umemzika mume wangu ili umkalishe mkweo? Sikia. Fundi atakirudisha lini, shauri lako na fundi. Mpaka siku hiyo kiti ni wewe. Kesho asubuhi njoo umbebe."

Hambis alikuja. Angefanyaje, na kijiji kizima kimesikia? Njia ya kutoka nyumbani kwa Pieris hadi kwenye gari ina mteremko mkali, akashuka na Pieris mikononi, jasho linamchuruzika, majirani wamejaa madirishani na hakuna hata mmoja aliyemwambia pole. Mirofora akawasha gari. Yule mwanamke wa Kijapani ndani ya gari akasalimu.

"Samahani, mwanangu," Mirofora akamwambia.

Hambis akainama amweke Pieris kitini. Mkono wa Pieris uliobaki mzima ukamng'ang'ania shingoni, haukuachia. Tangu augue, maneno yalimtoka kwa shida, moja moja, mdomo umepinda.

"Kumbaro," akasema. "Niangalie. Mimi sijafa."