Sifuri za Kyuso

Wavinya Mulwa alirudishiwa karatasi yake ikiwa na alama tisa kati ya thelathini, na kando yake maneno ya kalamu nyekundu: "Hukusafisha data." Aliyasoma mara mbili, damu ikamchemka. Yaani majirani zake wa Kyuso, waliohesabiwa kwenye data hiyo, sasa wamekuwa uchafu wa kusafishwa.

Alikuwa mwaka wa tatu chuoni Kitui, na somo hili la hisabati ya kufundisha mashine alilipenda kuliko yote. Kompyuta hakuwa nayo. Wenzake walibonyeza programu ikawapa jibu; yeye alizidisha matriki, yale majedwali ya namba, kwa mkono, karatasi kumi na moja pande zote mbili, mpaka akaelewa kwa nini mstari wa kukisia mavuno hupita pale unapopita. Kila nukta, yaani shamba moja na mavuno yake, huuvuta upande wake. Ukiondoa nukta, mstari nao unahama.

Na Daktari Nthiwa, mwalimu wao, alikuwa ameagiza ziondolewe nukta kumi na tisa za mavuno ya ndengu, zote sifuri, karibu zote za Kyuso. Eti ni fomu zilizoachwa bila kujazwa. Fomu hizo alizijaza Kanyiva, mamake Wavinya, akizunguka boma kwa boma mwaka ule mvua ilipokatika ndengu zikiwa kwenye maua. Asiyepatikana nyumbani alimwekea kistari. Sifuri Kanyiva aliiandika tu mwenye shamba akiwa amesimama papo hapo, anaiangalia.

Bila alama za zoezi hili Wavinya angerudia mwaka, naye alilijua hilo vizuri. Hata hivyo, alipoingia ofisini hakuanza na alama.

"Daktari, kwa huo mstari wenu, mvua ikiwa milimita tisini, Kyuso tunavuna ngapi?"

Nthiwa akaangalia kompyuta. "Magunia matatu kwa ekari."

"Mwaka wa hizo fomu ilinyesha tisini. Tulipanda, na hatukuvuna kitu. Mama ndiye aliandika hizo sifuri. Kama hajapata mtu, anaweka kistari. Hukuona vistari?"

Daktari alikuwa mtu wa Kikima, ambako mtu akipanda hakosi angalau cha kupika. Alifungua fomu zenyewe, akapitisha kidole polepole. Vistari vilikuwepo, saba.

"Sawa, Wavinya. Hapo uko right. Nitakurekebishia marks."

"Na model, huo mstari wenu?"

"Hiyo imeshaenda kwa watu wa mbegu, wanashauri nayo wakulima hii season. Tutaiangalia season ingine."

Hapo ndipo hasira ilimpanda kweli. Akilini alimwona mamake akisoma ujumbe kwenye simu, kisha akimwaga shambani mbegu yote ya akiba kwa sababu chuo kimemhakikishia magunia matatu. Akairudisha karatasi mezani.

"Basi hizo alama tisa ziache vile ziko, Daktari. Pigia watu wa mbegu kwanza."

Akavuta kiti, akakaa kungoja.